Kumwezesha Farasi Jike Kuachia Yai kwa Wakati: Mwongozo wa Homoni na wa Kuisoma Ovari

Wafugaji wengi wa farasi hapa Afrika Mashariki walijifunza uzazi wa mifugo kwa ng'ombe, na makosa mengi ya kuzalisha farasi huanzia hapo. Ng'ombe hukaa kwenye joto kwa saa 12 hadi 18 hivi, na yai lake huachiwa baada ya joto kuisha, kwa hiyo mhimilishaji, yaani anayepandikiza mbegu kwa mrija, anayefuata kanuni ya kumpandisha jioni ng'ombe aliyeonekana asubuhi hupata matokeo mazuri. Farasi jike hukaa kwenye joto kwa siku 5 hadi 7, wakati mwingine zaidi, na yai lake huachiwa katika siku moja au mbili za mwisho, joto likiwa bado halijaisha. Anayempandisha siku ile ile ya kwanza aliyomwona akiinua mkia anaweza kuwa ametangulia kwa siku nne nzima, na yai linapotoka mbegu za dume zikawa zimekwisha kufa.

Homoni za kuchochea yai liachiwe zilitafutwa ili kulitatua tatizo hilo. Zinafanya kazi vizuri, lakini kwa sharti ambalo nitalirudia katika kila hatua ya mwongozo huu: sindano haiwezi kuumba kitu ambacho ovari haijakiandaa. Kazi yake ni kupanga saa ya tukio ambalo lingetokea lenyewe siku moja, mbili au tatu baadaye. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi, na sehemu inayohitaji subira zaidi, ni kuisoma ovari kabla ya kuigusa chupa ya dawa.

Dawa zote zinazotajwa hapa ni za kuandikwa na daktari wa mifugo, na kipimo cha kila jike hupangwa naye. Kupima ovari kwa mkono au kwa ultrasaundi kupitia puru nako ni kazi yake peke yake, kwa kuwa ukuta wa puru ya farasi huchanika kwa urahisi kuliko wa ng'ombe, na mpasuko wake mara nyingi huishia kwenye kifo. Mmiliki na msimamizi wa banda wana kazi yao nyingine, ambayo ni kumwangalia jike kila siku, kuandika tarehe na saa, na kumpa daktari taarifa za kweli.

Ovari ya farasi ilivyo

Ovari ya farasi ina umbo la figo, na muundo wake umegeuzwa ukilinganishwa na wa wanyama wengine wa nyumbani, kwa maana tabaka lenye mayai liko ndani na tabaka la mishipa ya damu liko nje. Kwa sababu hiyo yai haliwezi kutoka popote kwenye uso wa ovari kama ilivyo kwa ng'ombe, bali hutokea mahali pamoja tu, penye mbonyeo unaoitwa fosa. Folikoli, yaani kifuko chenye maji ambamo yai hukulia, hulazimika kusogea na kujielekeza kwenye fosa hiyo kabla ya kupasuka, na daktari mwenye ultrasaundi huiona ikiacha kuwa duara na kuchukua umbo la peasi.

Mzunguko mzima huchukua siku 21 au 22. Folikoli kadhaa huanza kukua pamoja kwa kusukumwa na homoni ya FSH, kisha moja inapofikia kipenyo cha milimita 22 au 23 hivi huwatangulia wenzake, nao hudumaa na kunywea. Hiyo iliyoshinda huongezeka kwa milimita 3 hivi kwa siku, na majike wengi huachia yai inapofikia milimita 40 hadi 45, ingawa wapo wanaoachia ikiwa na 35 na wapo wanaosubiri hadi ivuke 50. Jike mmoja huwa hatofautiani sana na nafsi yake kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine, na ndiyo sababu daftari la mwaka jana lina thamani kubwa kuliko wastani wowote ulioandikwa kitabuni.

Jambo la pili linalomtofautisha farasi na ng'ombe ni namna homoni ya LH, ile inayoamuru folikoli ipasuke, inavyopanda. Kwa ng'ombe hupanda ghafla na kushuka ndani ya saa chache. Kwa farasi hupanda polepole kwa siku kadhaa, na kilele chake hufika yai likiwa limekwisha kutoka. Hii ndiyo sababu dozi moja ndogo ya muda mfupi ya GnRH, homoni ya ubongo inayochochea kutolewa kwa LH, inayotosha kumfanya ng'ombe aachie yai, haina uhakika kwa farasi: mwili wake unahitaji msukumo unaodumu.

Baada ya yai kutoka, mahali palipokuwa na folikoli hujaa damu, kisha hugeuka kuwa mwili njano, tezi ya muda inayotoa projesteroni. Projesteroni ndiyo inayolizima joto na kuufunga mlango wa kizazi. Mimba isipoingia, mji wa mimba hutoa homoni ya prostaglandini kwenye siku ya 14 au 15, mwili njano huyeyuka, na jike hurudi kwenye joto.

Hatua ya 1: Thibitisha kuwa ovari zinafanya kazi na kwamba jike hana mimba

Farasi ni mnyama wa siku ndefu. Mwanga unapopungua, ubongo hutoa melatonini kwa saa nyingi zaidi usiku na mzunguko husimama. Nairobi, Nanyuki au Arusha tofauti ya urefu wa mchana kati ya miezi ni ya dakika chache tu, kwa hiyo majike wengi wa kwetu wanaweza kuzunguka mwaka mzima, na kinachowasimamisha mara nyingi ni njaa ya kiangazi, minyoo, meno mabovu au kunyonyesha wakiwa wamekonda. Katika kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 9, jike wa kuzalishwa anapaswa kuwa na 5 au zaidi, mbavu zake zikishikika kwa vidole bila kuonekana kwa macho. Jike aliyekonda usimpeleke kwenye homoni. Mpeleke kwenye malisho bora kwa miezi miwili, kisha mrudishe kwa daktari.

Kwa wasomaji wanaotunza farasi Omani na nchi nyingine za Ghuba, hali ni tofauti. Maskati mchana wa Desemba hauzidi saa 11, na wa Juni hupita saa 13, na tofauti hiyo inatosha kuzisimamisha ovari za majike wengi wakati wa baridi. Anayetaka mimba mapema mwakani huwasha taa bandani ili jumla ya mwanga ifike saa 16 kwa siku, akiongeza mwanga huo jioni baada ya jua kutua, na hufanya hivyo kwa wiki 8 hadi 10 kabla ya kutarajia yai la kwanza. Mwanga uwe wa kumwezesha mtu kusoma gazeti kwa raha katika kila pembe ya banda anamosimama jike, na taa zisikose hata usiku mmoja.

Kati ya kusimama na kuzunguka sawasawa kuna kipindi cha mpito ambacho huwadanganya wengi. Jike huonyesha joto kwa wiki nyingi, ovari zake hujaa folikoli kubwa zinazofikia hata milimita 35, kisha hunywea bila kuachia yai, kwa sababu tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, bado haina akiba ya kutosha ya LH. Kumchoma jike wa namna hii ni kupoteza dawa na kuchosha dume. Atahesabiwa kuwa anazunguka akishaachia yai la kwanza na kuonekana na mwili njano.

Kisha hakikisha hana mimba, kwa ultrasaundi na si kwa maneno ya aliyekuuzia. Prostaglandini inayotajwa katika hatua inayofuata humwaga mimba. Nalisisitiza hili kwa sababu farasi hununuliwa na kuuzwa huku wakilishwa pamoja na madume, na mwenye jike hujua tu kwamba "hajapandishwa" kwa kuwa yeye mwenyewe hakuona. Katika ziara hiyo hiyo daktari aangalie kama kuna maji ndani ya mji wa mimba, na kwa jike mzee au aliyekosa mimba mwaka uliopita achukue sampuli ya kuoteshwa maabara. Ovari inaweza kufanya kazi bila kosa lolote na mimba ikakosekana kwa sababu ya uchafu ulioko chini yake.

Hatua ya 2: Mlete kwenye joto kwa siku unayoweza kuipanga

Unaweza kusubiri joto lake la kawaida. Ikiwa dume au mbegu zinapatikana kwa tarehe maalumu, daktari atatumia prostaglandini, dawa ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua kwa kulandanisha joto. Kwa farasi wa kilo 450 hadi 500 kipimo cha kawaida ni miligramu 5 hadi 10 za dinoprosti, au mikrogramu 250 za kloprostenoli, kwenye msuli. Dozi ya ng'ombe mmoja ya dawa hizi ni kubwa mno kwa farasi, na si jambo la kukisia.

Prostaglandini huyeyusha mwili njano. Haina kazi nyingine hapa. Kwa hiyo jike asiye na mwili njano hataitikia, na mwili njano wenye umri wa chini ya siku 5 bado ni mchanga, huweza kuyumba kisha ukasimama tena. Siku nzuri ni kuanzia ya 6 baada ya yai kuachiwa. Jike huingia kwenye joto siku 3 hadi 5 baadaye, na yai huachiwa kwa wastani siku ya 8 hadi 10 tangu sindano, ila wastani huu unaficha tofauti kubwa. Jike aliyekuwa na folikoli ndogo siku ya sindano anaweza kuchukua wiki mbili. Aliyekuwa na folikoli ya milimita 40 anaweza kuachia yai ndani ya siku mbili au tatu, karibu bila kuonyesha joto, na mwenye banda aliyeambiwa "subiri siku nne ndipo umwangalie" atakuta limekwisha kutoka. Ni lazima folikoli zipimwe siku ile ile ya prostaglandini.

Baada ya sindano jike anaweza kutoka jasho jingi, kuharisha, na kuonyesha dalili za maumivu ya tumbo kwa nusu saa hadi saa moja. Mwandalie kivuli, usimpe chakula kikavu kwa saa hiyo, na mwite daktari ikiwa maumivu yanaendelea. Wanawake wajawazito na watu wenye pumu wasiishike dawa hii kabisa, kwa sababu hupenya kwenye ngozi.

Njia nyingine ni altrenogesti, projesteroni ya kutengenezwa ambayo hunyweshwa kila siku kwa miligramu 0.044 kwa kila kilo ya uzito, kwa siku 10 hadi 15. Inamzuia jike asiingie kwenye joto, kisha ikikatishwa huingia baada ya siku 4 au 5. Inafaa zaidi kwa kuwapanga majike kadhaa pamoja, na kwa kuumaliza mpito wa jike ambaye tayari ana folikoli kubwa. Vaa glavu, kwa kuwa nayo hupenya kwenye ngozi na huvuruga hedhi ya mwanamke. Mimi hupendelea prostaglandini kwa jike mmoja anayezunguka vizuri, kwa sababu altrenogesti huongeza siku nyingi za kazi bila kumwongezea kitu.

Hatua ya 3: Fuatilia folikoli hadi iwe tayari

Dume au jike mwingine asaidie kuonyesha joto, akiwa upande wa pili wa uzio imara. Jike aliye kwenye joto husimama, hupanua miguu ya nyuma, huinua mkia, hutoa mkojo kidogo kidogo na kuufungua na kuufunga uke. Asiye kwenye joto hulaza masikio nyuma, hupiga kelele na kurusha teke. Wapo majike wenye aibu, hasa wenye watoto, ambao hawaonyeshi kitu mbele ya dume lakini ovari zao ziko kwenye joto kamili. Kwa hao ultrasaundi ndiyo shahidi pekee.

Tangu mwaka 1980, watafiti wa Ufaransa walipoonyesha kuwa ultrasaundi inaweza kutumika kwenye uzazi wa farasi, kazi hii imeacha kuwa ya kubahatisha. Jike apimwe siku ya pili au ya tatu ya joto, kisha kila siku au kila baada ya siku mbili kulingana na ukubwa wa folikoli, akiwa ndani ya krashi, yaani kizimba chembamba cha kumzuia mnyama, yenye mlango mgumu wa nyuma. Daktari hutafuta mambo manne, na natamani mwenye jike ayajue ili aweze kuyauliza.

La kwanza ni folikoli yenye kipenyo cha milimita 35 au zaidi. La pili ni uvimbe wa maji kwenye kuta za mji wa mimba, unaosababishwa na homoni ya estrojeni, ambao kwenye kioo cha ultrasaundi huonekana kama chungwa lililokatwa kwa upana. Uvimbe huu hufikia kilele siku mbili hivi kabla ya yai kutoka, kisha huanza kupungua katika saa 24 za mwisho. La tatu ni mlango wa kizazi uliolegea, na la nne ni kutokuwepo kwa mwili njano unaofanya kazi. Jike mwenye folikoli ya milimita 38 na mji wa mimba usio na uvimbe wowote hayuko tayari, hata kama fomu ya maabara, dume na mwenye dume vyote vinasubiri. Niliwahi kukubali kumchoma jike wa namna hiyo kwa kusihiwa na mwenye farasi, kwa kuwa dume lilikuwa linaondoka kesho yake. Folikoli ilikaa siku tano bila kupasuka, na mzunguko mzima ukapotea.

Andika ukubwa wa folikoli ya kila upande, kiwango cha uvimbe kwa namba, na saa ya kupima. Kama kuna folikoli mbili kubwa, andika zote mbili, kwa sababu kuachia mayai mawili si jambo geni kwa farasi wa damu safi wa mashindano (Thoroughbred), na homoni inaweza kuzipasua zote. Taarifa hiyo itahitajika wiki mbili baadaye.

Hatua ya 4: Chagua dawa ya kuchochea

Dawa ya zamani zaidi na rahisi kupatikana ni hCG, homoni inayotokana na mkojo wa wanawake wajawazito. Kwa farasi hufanya kazi ya LH moja kwa moja kwenye folikoli. Hutolewa kwa kiwango cha yuniti za kimataifa 1,500 hadi 3,000, kwenye mshipa au kwenye msuli, na jike aliyetimiza masharti ya hatua ya 3 huachia yai saa 36 hivi baadaye. Wengi wao, zaidi ya wanane kwa kila kumi, huachia ndani ya saa 48. Kasoro yake ni kwamba ni protini ya kigeni, na jike anayechomwa mara kadhaa katika msimu mmoja anaweza kutengeneza kingamwili na kuacha kuitikia. Kwa majike wazee dalili hiyo huonekana mapema zaidi. Usiitumie zaidi ya mara mbili au tatu kwa msimu kwa jike yule yule.

Dawa ya pili ni deslorelini, homoni ya kutengenezwa inayofanana na GnRH lakini yenye nguvu na muda mrefu zaidi. Yenyewe haiendi kwenye ovari, bali huiamuru pituitari ya jike itoe LH yake kwa muda unaohitajika. Haileti kingamwili kwa kuwa ni molekuli ndogo, na saa ya yai kutoka huwa karibu ya uhakika zaidi, mara nyingi kati ya saa 38 na 42. Ipo ya sindano ya msuli, miligramu 1.8, na ipo ya kipandikizi kidogo cha miligramu 2.1. Kipandikizi kina tahadhari yake: kikiachwa mwilini kinaendelea kuichosha pituitari, na baadhi ya majike hukaa wiki nyingi bila folikoli mpya kukua, hasa wakichomwa prostaglandini baadaye. Kwa hiyo wengi hukipandika chini ya ngozi laini ya mdomo wa uke, mahali panapofikika, na kukitoa yai likishatoka.

Baadhi ya wahimilishaji wa ng'ombe huuliza kuhusu eCG, kwa kuwa hutoka kwenye damu ya farasi wenye mimba na huwapa ng'ombe folikoli nyingi. Kwa farasi mwenyewe haifai kwa kazi hii, kwa kuwa vipokezi vyake havishikamani nayo vizuri.

Uchaguzi wangu ni huu: hCG kwa jike kijana anayepandishwa na dume mara moja, na deslorelini kwa jike aliyezidi miaka kumi na tano hivi, kwa aliyekwisha kupewa hCG msimu huo, na kwa kila mbegu iliyogandishwa, ambako saa chache za kukosea hugharimu mrija mzima wa mbegu.

Hatua ya 5: Panga saa

Saa ya sindano ichaguliwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa unayotaka yai litoke. Tuseme hCG imechomwa Jumatatu saa mbili usiku. Saa 24 zitatimia Jumanne saa mbili usiku, saa 36 Jumatano saa mbili asubuhi, na saa 48 Jumatano saa mbili usiku. Kwa mpango huu kazi kubwa inaangukia asubuhi, watu wakiwa macho na umeme ukiwepo, na hapo ndipo faida ya sindano ya usiku ilipo.

Kwa kupandishwa na dume, mbegu hai hukaa ndani ya jike kwa saa 48 au zaidi, kwa hiyo kupandishwa mara moja Jumanne wakati wowote kunatosha. Hii ndiyo njia pekee inayokubaliwa kwa farasi wa damu safi wa mashindano, ambao vitabu vyao vya usajili duniani kote havimsajili mtoto aliyepatikana kwa uhimilishaji. Kwa hao, homoni huwa na faida kubwa ya kumpunguzia dume idadi ya mara za kupanda.

Kwa mbegu zilizopozwa, zinazosafirishwa kwenye kasha la baridi, agiza siku folikoli inapofikia milimita 35 na mpe jike sindano kwa hesabu ya saa ya kufika kwake, ili ahimilishwe kati ya saa 12 na 24 kabla ya yai kutoka. Usiagize kwa kukisia tarehe ya joto, maana kasha likifika mapema mbegu huzeekea ndani yake.

Mbegu zilizogandishwa huishi kwa muda mfupi, saa 12 hadi 24 tu, na yai nalo hupoteza uwezo wake takriban saa 12 baada ya kutoka. Dirisha basi ni finyu: tangu saa 12 kabla ya yai kutoka hadi saa 6 baada yake. Kuna njia mbili za kulifikia. Moja ni kumpima jike kila saa 6 kuanzia saa 24 baada ya sindano na kumhimilisha mara yai linapoonekana limetoka. Nyingine, kama una dozi mbili, ni kumhimilisha saa 24 na tena saa 40 baada ya hCG, ambazo katika mfano wetu ni Jumanne saa mbili usiku na Jumatano saa sita mchana, bila kupima usiku kucha. Njia ya pili ni ya huruma zaidi kwa jike na kwa daktari. Maelekezo ya kuyeyusha yafuatwe kama yalivyoandikwa na aliyezigandisha. Mirija mingi ya nusu mililita huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30.

Hatua ya 6: Thibitisha kuwa yai limetoka, na usafishe mji wa mimba

Jike apimwe saa 48 baada ya sindano. Folikoli iliyokuwa nyeusi kwenye kioo itakuwa imetoweka, na mahali pake patakuwa na doa jeupe lenye kingo zisizo laini. Joto linaweza kuendelea kwa siku moja au mbili, na mtu asilichukulie kuwa ishara ya kumpandisha tena.

Katika kipimo hicho hicho maji ndani ya mji wa mimba yaangaliwe. Kila jike hupata mwasho wa muda baada ya mbegu kuingia, na jike mwenye afya huyasukuma maji hayo nje ndani ya siku moja. Asiyeweza, hasa mzee aliyezaa mara nyingi, hupewa oksitosini yuniti 10 hadi 20 kuanzia saa 4 baada ya kupandishwa, na pengine husafishwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali. Kiinitete hubaki kwenye mrija wa mayai hadi siku ya 6 hivi, kwa hiyo kusafisha siku moja au mbili baada ya yai kutoka hakukidhuru.

Ikiwa folikoli bado ipo, usikimbilie sindano ya pili. Huenda jike alichomwa mapema, na folikoli bado inakua; msubiri na umpime kesho. Huenda ana kingamwili dhidi ya hCG. Huenda pia folikoli imejaa damu bila kupasuka, na hapo kwenye kioo huonekana nyuzi na chembe zinazoelea, kisha utando kama wa buibui, na hufikia hata milimita 70 au zaidi. Yai lililomo limepotea. Folikoli ya namna hii huota ukuta unaotoa projesteroni, na baada ya siku kama 10 prostaglandini huiondoa. Jike aanze upya.

Hali ambayo daktari hapaswi kuikosa ni ovari moja iliyokua sana, yenye vishimo vingi kama sega la asali, huku ya pili ikiwa ndogo na ngumu, na jike akionyesha tabia za dume au akikaa bila joto kwa miezi. Hiyo huwa uvimbe wa seli za granulosa. Kipimo cha damu cha homoni ya AMH husaidia kuuthibitisha, hakuna homoni inayoutibu, na ovari hiyo hutolewa kwa upasuaji. Wengi wao hurudi kuzunguka kwa ovari iliyobaki, ingawa huchukua miezi.

Hatua ya 7: Pima mimba siku ya 14 au 15

Hesabu inaanza siku yai lilipotoka. Siku hiyo ya 14 au 15 kiinitete ni duara jeusi linalozurura ndani ya mji wa mimba, na kuzurura huko ndiko kunakoujulisha mwili usitoe prostaglandini. Kwa jike aliyeandikwa folikoli mbili, daktari atafute la pili kwa makini, akipita kila pembe. Mapacha kwa farasi mara nyingi huishia kwa mimba kutoka, na kwa hatari kwa mama, na wakati mwepesi wa kuliminya moja ili life ni kabla ya siku ya 16, likiwa bado linaweza kusukumwa mbali na mwenzake. Baada ya hapo yote mawili hukaa mahali pake, na kazi huwa ngumu.

Rudia kupima siku ya 25 hadi 30, mapigo ya moyo yanapoonekana. Uamuzi wowote wa kumaliza mimba, kwa sababu ya mapacha au dume lisilotakiwa, ufanywe kabla ya siku ya 35. Kuanzia siku ya 36 hivi chembe za kondo hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kutoa eCG, na hata kiinitete kikifa chembe hizo huendelea kuishi hadi siku ya 120 au zaidi, zikimzuia jike asizunguke kama kawaida. Sindano zote zilizoelezwa hapa hazitamsaidia mpaka zitakapokufa zenyewe. Kama vipimo vyote viko sawa, andika tarehe ya kuzaa kwa kuhesabu siku 340 tangu yai lilipotoka, na uweke nafasi ya wiki mbili mbele na wiki mbili nyuma.